Betri Iliyonukia Ubani

Nataka kuwashukuru watu, lakini kwanza niseme kwamba nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe haijaisha. Anayedhani mtu hawezi kushukuru huku amekunja uso hajaniona mimi.

Nilimaliza kidato cha nne nikarudi kwetu Kisarawe na cheti, na kabla cheti hakijashika vumbi nikaolewa. Mume alikuwa dereva wa lori. Mafuta yalipoadimika lori likalala, na lori lilipolala yeye akaona na ndoa ilale. Akaenda kutafuta maisha, mimba yangu ikiwa kubwa, na talaka akaileta kwa mkono wa mtu. Sitamsema zaidi ya hapo. Karatasi ni ghali.

Nikajifungua mtoto wa kike. Mama yangu alinikanda maji ya moto, akanipikia uji wa pilipili manga, akamlea mjukuu kama vile ndiye aliyemzaa. Nami nikakaa barazani na cheti changu cha fizikia na kemia, napepeta mchele wa watu.

Siku moja likaja tangazo katika ofisi ya kata. Karakana moja ya Kibaha, kando ya barabara ya Morogoro, ilitaka vijana waliosoma sayansi wajifunze umeme wa magari. Jirani ya karakana kulikuwa na ghala kubwa la bidhaa za umma, na ghala hilo lilikuwa limeletewa kutoka Ulaya foko mbili, yale magari madogo yenye pembe mbili mbele ya kunyanyulia mizigo. Sasa foko hizi zilikuwa hazinywi petroli wala dizeli. Zilikwenda kwa betri tupu. Nchi nzima inapanga foleni ya mafuta, na pale Kibaha kuna gari lisilojua mafuta ni nini! Ila mtu wa kulitunza hakuwepo. Atakayefuzu, tangazo lilisema, ataajiriwa ghalani na kupewa chumba katika nyumba za wafanyakazi.

Nilichokisoma mimi ni neno chumba. Kibaha nisingeweza kwenda na mtoto mchanga bila pa kulala. Nikipata kazi nitapata chumba, nikipata chumba mwanangu atakaa na mimi. Hesabu yangu ilikuwa hiyo tu, na sikuwa na nyingine.

Mama akasema, "Nenda. Huyu niachie."

"Ananyonya, mama."

"Amekwishaanza kula uji. Nenda kabla hujapata akili ya kukaa."

Nilikwenda maziwa yakinivuja. Watu waliniambia nimemtupa mtoto. Walioniambia hivyo ni walewale waliokuwa wakiniambia nimekaa kumkalia mama yangu. Shauri yao.

*

Karakana ilikuwa banda la mabati. Tulikuwa wanafunzi wachache, wanaume wote isipokuwa mimi. Usiku nililala mtaa wa Sofu, kwenye kona ya jiko la mama mmoja muuza maandazi, na malipo yake yalikuwa kumkandia unga alfajiri. Namshukuru. Hakuniuliza baba wa mtoto yuko wapi, na Kibaha nzima ndiye peke yake ambaye hakuuliza.

Mwalimu wetu alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kikohozi, aliyepata kusomea umeme ng'ambo. Siku ya kwanza akatutoa nje, akaninyooshea kidole.

"Wewe dada, unajua kuendesha baiskeli?"

Wenzangu wakaanza kucheka. Mmoja akasema, "Mwalimu, huyo ni mama mzazi, utamvunja mgongo."

"Mgongo wako ndio uvunjike," nikamwambia, nikapanda baiskeli ya mwalimu.

Nilizunguka uwanja. Mwalimu akaniambia niinamishe dainamo, ile ya kuwasha taa, iguse tairi. Nikaiinamisha. Baiskeli ikawa nzito papo hapo, kana kwamba kuna mtu amekaa nyuma.

"Umesikia nini?"

"Imekuwa nzito."

"Kwa nini?"

Nikafikiri. "Kwa sababu taa inakula miguu yangu."

Alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Akasema hakuna umeme wa bure, daima kuna miguu ya mtu inayoliwa. Halafu akasema jambo lililonikaa kichwani: dainamo na mota ni kitu kimoja. Ukiizungusha inakupa umeme, ukiipa umeme inazunguka. Gari la betri likiteremka mlima, akasema, ile mota ingeweza kugeuka dainamo, ikashika gari kama breki na huku ikirudisha umeme kwenye betri. Gari linashuka na kushiba kwa wakati mmoja.

Nilikuwa nimekariri fizikia miaka minne bila kuona kitu. Siku ile niliona.

Jumamosi nyingine akatupeleka Soga stesheni kwa miguu, njia ndefu ya vumbi, tukamkasirikia sana. Treni ya kutoka Dar es Salaam ilipoingia akaomba ruhusa kwa dereva, tukasogea kwenye injini inayonguruma.

"Nani anavuta mabehewa haya?" akauliza.

"Dizeli," tukajibu wote.

"Hapana. Dizeli inazungusha jenereta. Jenereta inalisha mota zilizoko chini huko kwenye magurudumu. Umeme ndio unaovuta. Dizeli ni mpishi tu."

Yule aliyenicheka siku ya baiskeli akauliza, "Sasa mwalimu, ukiweka na betri humo ndani je? Mpishi akichoka, betri ivute?"

"Hapo utakuwa na gari lenye matumbo mawili. Hili linakula mafuta, hili linakula umeme, yanasaidiana. Watu wamekwisha kulifikiria zamani. Siku moja litapita barabarani hapa Kibaha."

"Tutakuwa hai?"

"Wewe hapana, kwa uvivu wako. Huyu dada labda."

Nami nilikuwa naijua treni ile. Ndiyo niliyokuwa nikiipanda kwenda kumwona mwanangu: Soga hadi Pugu, kisha napandisha kilima kwa miguu hadi Kisarawe. Nimekalia mabehewa yake nikilia na sikuwahi kujiuliza yanavutwa na nini.

*

Foko mbili tulizopewa kutunza, moja ilikuwa imekatika kifaa cha usukani na imelala ikingoja kipuri kutoka Ulaya. Nyingine ilifanya kazi zote. Makuli wa ghala waliiita Bubu kwa sababu haikuwa na sauti. Unageuka, imesimama nyuma yako na gunia.

Betri ya Bubu si kama ya gari dogo. Ni sanduku la chuma zito kama jeneza, ndani yake seli zimepangwa mistari miwili, kila seli ina bamba za risasi zilizozama kwenye tindikali na maji. Ukiichaji, maji yanapungua, nawe unajazia. Maji, si tindikali, tindikali haipungui. Na maji yenyewe si ya bomba wala ya kisima. Yanatakiwa maji matupu kabisa, yasiyo na kitu ndani, ya kukenekwa kwa mvuke. Dukani yaliisha zamani, kama sabuni, kama sukari, kama betri za tochi. Basi tukatumia maji ya mvua. Mwalimu alituwekea sheria: mvua ya kukinga uwanjani kwa beseni safi, si ya kutoka kwenye bati, maana bati lina kutu na kinyesi cha ndege.

Kazi ya maji nilipewa mimi. Waliona ni ya kike, kuchota maji. Nikaichukua hivyohivyo.

Msimamizi wa ghala hakunitaka tangu mwanzo. Alikuwa mtu wa kaunda suti iliyopigwa pasi, mkali kwa mali ya umma, na haki yake, wizi ulikuwa mwingi. Aliniambia mbele ya watu, "Ndugu, mwanamke mwenye mtoto mchanga ana akili mbili. Moja ikikosea, nitakurudisha ulikotoka na hiyo nyingine."

Nilifunga mdomo kwa ajili ya chumba.

Masika yakaisha. Kibaha kukakauka, beseni zikalala wazi uwanjani na kujaa majani. Lakini Kisarawe kuko juu, kuna msitu, na mvua ndogo za mchoo huja asubuhi asubuhi wakati huku chini ni vumbi. Nilimweleza mama: kinga mvua uwanjani, weka kwenye dumu, nitakuja kuchukua.

"Ya kunywa nani?" akauliza.

"Gari."

"Gari linakunywa maji ya mvua?"

"Ndiyo, mama. Maji matupu. Ndiyo riziki yetu mimi na huyu mtoto."

Akakielewa hicho cha mwisho. Kila nilipokwenda nikalikuta dumu limejaa na limefungwa kitambaa cheupe. Nikalibeba kichwani hadi Pugu, nikapanda nalo treni hadi Soga, na kutoka Soga nikipata lori la mkaa napanda, nisipopata natembea. Mwanangu alikuwa ameanza kusema. Mama yangu ndiye aliyemwita mama. Mimi alinisikia mama akiniita kwa jina la nyumbani, na wadogo zangu wakiniita dada, basi naye akaniita dada.

"Dada anakwenda," akasema akinipungia, bila kulia. Angelia ningeona afadhali.

*

Siku sabuni ilipoingia ghalani, watu walikuwa wengi kuliko siku ya mkutano. Lori la kupeleka sabuni wilayani limesimama, dereva wake anahesabu kila tone la mafuta aliyonayo. Bubu ikaingiza pembe chini ya shehena, ikanyanyua katoni juu usawa wa lori, ikasogea hatua kidogo, ikasimama.

Haikuzima kwa kishindo. Ilisinyaa tu. Sabuni ya wilaya nzima ikabaki inaning'inia hewani, na wilaya nzima imesimama chini inaitazama.

"Mungu ameikataa," akasema kuli mmoja.

"Hajaikataa, ameiweka juu tuione vizuri," akajibu mwenzake.

Tukaishusha kwa mkono, tukaisukuma Bubu hadi chumba cha chaja. Nilikuwa nimeichaji jana yake. Nikachukua kipimo, lile bomba la kioo lenye mpira juu na kielea ndani, nikanyonya tindikali ya seli ya kwanza. Kielea kikazama. Seli ya pili, kikazama. Zote dhaifu, na mbili hazina kitu. Tukaiwasha chaja. Seli zikaanza kutoa povu, na pamoja na povu ikatoka harufu.

Mlangoni kuli mmoja akainua pua. "Hee! Leo kuna maulidi ya nani humu?"

Ulikuwa ubani. Si harufu ya kubahatisha, ulikuwa ubani hasa, kama chumba cha mzazi, kama mlango wa bibi harusi. Wakaingia mmoja mmoja kunusa. Mwingine akasema "Amina." Wakacheka, nami nikasimama na kipimo mkononi.

Msimamizi alipoingia kicheko kikaisha. Akanusa. Akanigeukia.

"Umeweka nini kwenye mashine ya umma?"

"Maji ya mvua."

"Mvua inanukia ubani? Usinifanye mtoto. Umetia kombe humu. Umekwenda kwa shehe wako huko Kisarawe, akakuandikia, ukaosha sahani, ukamimina kwenye betri ili upate kazi!"

"Sijatia kombe."

"Basi ni uchawi. Na kama si uchawi ni hujuma."

Mwaka ule neno hujuma lilikuwa halitamkwi ovyo. Watu walikuwa wakilala ndani kwa ajili yake. Makuli wakarudi nyuma hadi mlangoni.

Mwalimu alikohoa, akasema taratibu, "Ndugu Msimamizi, naomba tungoje hadi kamati ya ghala ikae. Ikiwa betri haijanyanyua mzigo siku hiyo, huyu dada ataondoka, na mimi nitaeleza nilimfundisha nini."

"Kamati inakaa Ijumaa."

"Ijumaa basi."

Msimamizi alipotoka mwalimu akaniuliza, "Maji yako yanatoka kwa nani hasa?"

"Kwa mama yangu. Anakinga mvua."

"Mvua hainuki, binti. Kuna kitu katikati ya mawingu na hili dumu. Nenda ukakione." Akanipa magaloni mazito ya plastiki ya karakana yaliyokwisha tindikali, ameyasuuza. "Haya hayajapata kuonja kitu kingine. Ukija na maji, yaje humu."

*

Nilipanda treni na hasira ya kutosha kuivuta hadi Kigoma. Niliingia uani kwetu bila hodi. Mama alikuwa ameinama juu ya chetezo, moshi wa ubani unapanda, na juu ya moshi ameufudikiza mtungi wake mkubwa, ule mzuri, unaokunywa moshi wote. Kando yake beseni ya maji ya mvua inangoja kumiminwa. Mwanangu amechuchumaa anatazama, kidole mdomoni.

Kila nyumba ya kwetu inajua jambo hili. Maji ya mgeni wa heshima, maji ya bwana harusi, maji ya futari, hayawekwi mtungini hivihivi. Mtungi unafukizwa kwanza ili maji yawe na ladha. Nimekunywa maji hayo tangu utoto. Na pua yangu iliyosoma kemia haikuwa imeyasikia kwenye dumu, kwa sababu kwangu mimi hiyo ndiyo harufu ya maji ya kwetu.

"Mama! Unafanya nini?"

"Shikamoo imekwenda wapi?"

"Shikamoo. Unafanya nini?"

"Marahaba. Nafukiza mtungi wa maji ya kazi yako."

"Nilikwambia dumu! Nilisema uweke kwenye dumu!"

"Dumu lako lilikuwa la mafuta ya taa, lilikuwa linanuka," mama akasema, bado ameshika mtungi. "Maji ya riziki ya mwanangu niyaweke kwenye mafuta ya taa? Nikalifua kwa majani na mchanga hadi mikono ikachubuka, harufu ikabaki. Nikasema yalale mtungini, dumu liwe la safari tu."

"Umeniua, mama. Wananiita mchawi."

Mwanangu akaanza kulia na kumkimbilia yeye. Mama akamshika kwa mkono mmoja. Hakunikaripia. Akasema, "Kaa chini, uniambie kosa langu liko wapi. Ubani ni kitu kibaya?"

Nikakaa, na hapo ndipo shule ilipokuja. Ubani peke yake usingeua seli, ungetoa povu na harufu tu. Nikauangalia ule mtungi. Miaka yote umebeba maji ya kisima chetu, na kisima chetu kina chumvi, kila mtu anajua, maharage hayaivi. Udongo wa mtungi unanyonya.

Nikachukua vifuniko viwili vya sufuria, nikavisugua vikang'aa. Kimoja nikatia maji ya beseni, mvua ya asubuhi ile. Cha pili maji ya mtungi yaliyobaki ya juzi. Nikaviweka mekoni kwenye moto mdogo, tukachuchumaa mama na mimi tunatazama kama watu wanaokaanga karanga. Maji yakakauka. Kifuniko cha mvua kikabaki kitupu. Cha mtungi kikabaki na duara jeupe.

Mama akalamba kidole, akagusa duara, akaonja.

"Chumvi," akasema.

"Chumvi inakula risasi iliyo ndani ya betri, mama. Kidogokidogo."

Kisha akainuka, akajifunga kanga kiunoni, akatoka. Nilidhani amekwenda kulia. Nikasikia sauti yake kwa jirani, halafu kwa jirani wa jirani: "Toeni beseni! Beseni za harusi, zote, hata ile ya maua! Mtoto wangu anataka mvua ya kesho!"

"Anaolewa?" mmoja akapiga kelele.

"Anaoa gari!"

Alfajiri uwanja wetu na wa majirani ulijaa beseni za bati la rangi, zile za kupakulia pilau, zimekaa wazi zinatazama mbingu. Mchoo ukaja kama kawaida yake, mvua ya kichovu, nyepesi. Wanawake walisimama vibarazani wakiwakemea kuku na watoto wasisogee. Bibi mmoja alikaa na fimbo ya kufukuza bata muda wote wa mvua. Hawakujua betri ni nini, na hakuna aliyeuliza watapata nini. Tukayajaza magaloni. Wale wanawake ninawashukuru mmoja mmoja, na kama ningeruhusiwa majina ningewaandika wote hapa.

Mama alinisindikiza hadi Pugu, galoni kichwani, mjukuu mgongoni. Alisema mara moja tu, treni ilipoanza kusogea, "Nilitaka yawe mazuri."

Nilitoa kichwa dirishani, nikampungia mkono.

*

Tulifanya kazi siku zote zilizobaki. Tulitoa seli moja baada ya nyingine kwa mnyororo, tukaimwaga tindikali iliyoharibika kwenye shimo la chokaa, tukazisuuza kwa mvua ya Kisarawe, tukamwaga, tukasuuza tena. Seli mbili zilikuwa zimekwisha, bamba zake zinamomonyoka kama mkate mkavu. Mwalimu akaenda kwenye ile foko iliyolala, akang'oa mbili. Kisha akatoa chupa kubwa ya tindikali iliyobaki stoo, ya kufundishia mwaka mzima.

Aliyekuwa akinicheka akauliza, "Mwalimu, na sisi je? Mtihani wetu wa vitendo?"

"Huu ndio mtihani wenu."

Akavua shati akaingia kazini. Tangu siku ile hakunitania tena. Nasema uongo, alinitania kila siku, ila alinibebea magaloni.

Ijumaa kamati ilikaa hapohapo ghalani, baada ya swala. Nikawaeleza: mtungi, ubani, kisima, chumvi. Nikawaonyesha kifuniko chenye duara jeupe, nimekibeba kutoka nyumbani kimefungwa kwenye leso. Wakakipitisha mkono kwa mkono. Msimamizi akakishika muda mrefu. Niliwaambia uchawi mliuamini kwa kunusa mara moja, sasa chumvi mnataka muiguse wote. Mwalimu alinikanyaga mguu.

Bubu ikanyanyua. Shehena ileile ya sabuni, juu, hadi usawa wa lori, ikasogea, ikaiweka, ikarudi kinyumenyume bila sauti. Ikarudia. Makuli wakapiga makofi. Msimamizi hakupiga makofi. Alikuja hadi mbele yangu akasema, "Maji yatatoka wapi sasa?"

"Kisarawe. Kwa beseni."

"Mama yako asifukize kitu."

"Nimemwambia."

Akaitikia kwa kichwa, akamgeukia karani. "Mpe chumba kile cha mwisho." Hakuniomba radhi kwa neno hujuma. Hadi leo hajaniomba, na tunaonana kila siku. Lakini alisema chumba mbele ya kamati, na kwa hilo namshukuru kwa meno yaliyoumana.

*

Mama alimleta mtoto kwa treni, nikawapokea Soga. Chumba kilikuwa kidogo, sakafu ya saruji, dirisha moja. Mwanangu alizunguka ukutani akagusa kila upande, akamuuliza mama yangu, "Kwa dada tunaondoka lini?"

Mama alikaa siku chache. Siku ya kuondoka alimwambia ukweli, hakumtoroka: "Mimi narudi. Wewe unabaki na mama yako." Mtoto akamtazama yeye, akanitazama mimi, akalia kilio cha mtu aliyedhulumiwa. Hakula kwa mkono wangu. Nikiweka chakula na kugeuka, anakula. Nikimtazama, anaacha. Mchana nilimwacha kwa mke wa mlinzi, jioni nikimchukua anakwenda mbele yangu, hataki kushikwa. Nilikasirika. Nilimkasirikia baba yake, nikaikasirikia treni, nikajikasirikia. Sikujua kwamba mtu anaweza kupata alichokililia na bado akakingoja.

Jioni moja nilikuwa natoka kazini. Alikuwa anacheza na wenzake kwenye changarawe mbele ya nyumba, akaanguka, goti likachubuka. Mke wa mlinzi alikuwa karibu, akamnyooshea mikono. Mwanangu akampita. Akaja mbio hadi kwangu, akajitupa kwenye ovaroli yangu, akalia humo ndani.

Nikamnyanyua. Ovaroli nilikuwa nimeifua jana yake, na mbele ilikuwa imetobokatoboka, tindikali inavyofanya hata ukijihadhari. Kilio kikapungua. Akaona tundu, akaingiza kidole. Akaona jingine, akaingiza cha pili. Akavichezesha vidole kwa ndani, nikatekenyeka, nikacheka bila kutaka, naye akanitazama usoni kuona kicheko kimetoka wapi, kisha akaingiza tena.

"Mama," akasema, "nguo yako ina macho."